Bunduki Chini ya Blanketi la Muratina

Nyumba ya Ruring'u ilimpa Ngendo kila kitu isipokuwa utulivu. Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati, vyumba vitatu na jiko la nje, na ndani yake walibanana wanafunzi watano wa ualimu ambao chuo chao kilikuwa kimekosa mabweni ya kuwatosha. Wavulana watatu walilala upande wa barabara. Ngendo na Gaceri walilala upande wa migomba. Chumba cha katikati kilikuwa cha wote. Humo walisoma, walikula, waligombana, na humo walianika nguo kwenye kamba wakati wa mvua, kwa sababu mvua ya Nyeri ikishaingia hukaa kama mgeni aliyesahau kwao.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni kabisa. Ngendo alikuwa na ulimi mkali, na alijua. Lakini hakuwa mtu wa kusahau wema. Alipoanguka kwa homa ya mapafu muhula wa pili, ni Thuranira, yule kijana mrefu wa Timau, aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, njia nzima akimlalamikia kwamba ni mzito kuliko gunia la ngano. Mathenge ndiye aliyekaa naye mezani jioni baada ya jioni mpaka hesabu zikamwingia kichwani. Moffat, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, aliwahi kusimama mbele ya mkuu wa chuo kumtetea Ngendo wakati wengine wote walitazama viatu vyao. Na Gaceri alimgawia nusu ya kitanda chake muhula mzima bila kuuliza lini atapata chake. Ngendo alipopiga magoti kuomba usiku, aliwataja mmoja mmoja kwa majina. Wenyewe hawakujua. Angekufa kwa aibu kama wangejua.

Wiki ya mwisho ya mitihani ya maandishi, Thuranira alirudi kutoka kwao na gunia la katani begani. Alilifungua katikati ya chumba cha wote, na ndani yake ilikuwamo bunduki ya baba yake, ya mitutu miwili, kitako chake kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi.

"Uuui! Umeacha ualimu, umekuwa jambazi?" Moffat alipiga kelele.

"Nyamaza wewe. Ni ya mzee. Ndiyo anatishia nyati nayo wakishuka msituni kula ngano." Thuranira aliifuta vumbi kwa mkono wa sweta. "Kifyatuo kimelegea. Amenituma kwa yule fundi wa mjini, kumbe fundi amesafiri. Nitampelekea akirudi."

"Na ikae wapi mpaka arudi?" Ngendo aliuliza.

Hilo lilikuwa swali la maana. Chini ya vitanda hapakuwa na siri. Kila mtu aliingiza mkono chini ya kitanda cha kila mtu kutafuta kiatu, ndoo au kitabu. Makufuli hawakuwa nayo. Ni Mathenge aliyepata jibu, na alilitoa akitabasamu kama mtu aliyeshinda karata.

Mathenge alikuwa amepika muratina. Zamani, kwao, kijana asiye na mke hakuonja pombe, sembuse kuipika. Ilikuwa kinywaji cha wazee. Lakini Mathenge alisema uhuru umeletwa kwa wote, na kwamba watu wanaomaliza mitihani ya ualimu ni wazee tosha. Alikuwa amekamua miwa, akatia asali na matunda ya muratina, akalijaza buyu kubwa na kuliweka kwenye kona karibu na jiko la makaa ili lipate joto, limefunikwa blanketi zito la kijivu. Na ingawa desturi ya kutokunywa aliiruka kama kidimbwi, desturi ya kupika aliishika yote. Babu yake alimwambia kwamba pombe ikisumbuliwa huchacha vibaya, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa blanketi lile ila mpishi mwenyewe. Hata Moffat, ambaye hakuheshimu chochote, aliipita kona ile kwa mbali.

"Weka hapo," Mathenge alisema. "Kati ya buyu na ukuta, chini ya blanketi. Hapo hakuna mkono unaingia."

Wote walicheka na kumsifu. Ngendo naye alicheka, akaona kweli huyu kijana ana akili. Hakuna hata mmoja kati ya walimu hao watano watarajiwa aliyewaza mbele kidogo tu: kwamba blanketi lile lilikuwa na siku yake ya kufunuliwa, na kwamba siku hiyo ndiyo siku ambayo bunduki haikupaswa kabisa kuonekana.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jua lilitoka, mlima ulijifunua mpaka kileleni, na kutoka uwanjani zilisikika kelele za watu waliokuja kutazama mpira. Mathenge alilifunua blanketi kwa heshima zote. Harufu ya muratina ilitoka ikajaa nyumba. Thuranira aliitoa bunduki, akaisimamisha pembeni mwa kabati, na kila mtu akaisahau, kwa maana buyu lilikuwa na mvuto zaidi.

Gaceri alionja akakunja uso. Ngendo alikunywa kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye sufuria ya mukimo, kuponda viazi na mahindi. Wavulana walikunywa kama watu waliokaa jangwani. Kufikia saa ya chai Mathenge alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya dansi, na Thuranira alikuwa akilia kwa furaha, akimwambia kila aliyepita barabarani kwamba yeye ni mwalimu.

Ndipo akafika Kingori, mpiga picha wa mjini, na kamera yake shingoni. Walikuwa wamemwita kwa ajili ya picha moja ya wote watano, ya kumbukumbu. Waliipiga, nje, mbele ya migomba, wakiwa wamesimama sawasawa kama mishumaa. Kingori alipoanza kufunga kamera, Moffat alimshika mkono.

"Ngoja, ngoja, bwana Kingori. Hiyo ni ya wazazi. Sasa tupige ya wanaume."

Akaingia ndani, akatoka na bunduki.

Ya kwanza alipigwa akiwa ameiegemeza begani. Ya pili akailenga angani. Mathenge naye akajifunga blanketi la kijivu mabegani, akavuruga nywele, akasema anataka apigwe kama mpiganaji wa msituni. Walicheka mpaka wakashikana. Kingori mwenyewe, ambaye alikuwa amekaribishwa pembe mbili za kunywea zilizojaa muratina, alianza kuwapanga.

"Hapana, hiyo haina hadithi," alisema. "Mmoja awe mateka. Apige magoti. Mwingine amwekee bunduki kichwani. Hapo picha inasema kitu!"

"Mateka ni mimi!" Mathenge alidondoka magotini kwenye majani, akaweka mikono nyuma ya kisogo. "Niue haraka, mkoloni, niende nikamalize buyu."

Moffat alimkaribia akiyumba. Mitutu miwili ilikaa juu kidogo ya sikio la Mathenge.

Ngendo alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Thuranira," aliita, "hiyo kitu iko tupu?"

"Iko tupu." Thuranira alikuwa amekaa kwenye kizingiti, macho mekundu. "Mzee hawezi kunipa ikiwa na risasi. Ati unafikiri mzee ni mjinga?"

"Umeifungua ukaona?"

"Risasi ziko kwa mfuko ya koti yangu, zote. Nimekuambia iko tupu, Ngendo, wewe nawe!"

"Acha kutuharibia picha, Madamu!" Moffat alipaza sauti, na kidole chake kikatafuta mahali pa kukaa.

Kule Kieni, Ngendo alilelewa na shangazi yake Magdaline, ambaye alifunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na meno. Mkono wa pili uliondoka wakati wa hali ya hatari, kwenye sherehe, mchana kama huu, homugadi mmoja aliyelewa, askari wa wakoloni, alipotaka kuwachekesha kwa bunduki yake wanawake waliokuwa wakimenya viazi. Naye alisema iko tupu. Ngendo aliyajua maneno hayo tangu utotoni, kama watoto wengine wanavyojua hadithi za fisi.

Aliona kwamba akipiga kelele, Moffat atashtuka. Akimrukia, atashtuka zaidi. Akaweka mwiko chini, akatengeneza sketi, akatoka uani akitabasamu kwa meno yote.

"Haki iko wapi hapa?" alisema. "Picha za bunduki ni za wanaume peke yao? Huko msituni hawakuwako wanawake? Moffat, nipe na mimi. Bwana Kingori, nipige kabla hawajamaliza filamu."

"Ameongea!" Kingori alipiga makofi. "Mama jenerali!"

Moffat alicheka, akainua mitutu kutoka kwenye sikio la Mathenge, akamkabidhi bunduki. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliielekeza chini, kwenye udongo, vidole vyake vikiwa mbali na kifyatuo, akapiga hatua nyuma kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kusimama. Akapiga nyingine. Alipofika kwenye lango aligeuka, akaanza kutembea.

"We! Unaenda wapi? Picha iko huku!"

Hakugeuka. Nyuma yake walifikiri ni mzaha, kisha wakaona si mzaha. Thuranira alijaribu kumfuata, akakanyaga kamba ya viatu vyake mwenyewe, akaanguka kifudifudi kwenye majani na kubaki hapo akimwita kwa jina la ukoo wake wote.

Njiani Ngendo alikuwa na nafasi ya kufikiri. Angeweza kuiacha kwa jirani. Angeweza kuificha kwenye migomba. Lakini risasi zilikuwa mfukoni mwa koti, na buyu lilikuwa bado na nusu, na vijana wale wangeitafuta mpaka waipate, sasa wakiwa na hasira pamoja na pombe. Hakukuwa na mahali katika nyumba ile ambapo bunduki na muratina vingeweza kukaa siku moja. Kwa hiyo akashika barabara ya kituo cha polisi, bunduki ikitazama chini kama jembe, na watu waliotoka uwanjani wakampisha njia bila kuambiwa.

Sajini aliyekuwa zamu alisimama alipomwona.

"Weka hiyo hapo mezani. Polepole. Umeitoa wapi, msichana?"

"Nyumbani kwetu, afande. Wanafunzi wanakunywa. Wanasema iko tupu."

Sajini aliielekeza bunduki ukutani, akaikunja katikati. Mtutu wa kulia ulikuwa na ganda tupu la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Kutoka ule wa kushoto ilichomoza risasi nyekundu, nzima, akaivuta na kuisimamisha juu ya meza kati yao.

Ngendo aliitazama. Akakaa sakafuni pale pale kwenye saruji, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Sajini alidhani amepatwa na wazimu. Hakuwa na wazimu. Alikuwa akisema, kwa sauti ndogo na kwa Kigikuyu, asante, asante, asante, na alikuwa akimwona Mathenge amepiga magoti kwenye majani, na kichwa chake chote, na masikio yake makubwa yote mawili.

*

Polisi walimfuata Thuranira jioni ile ile, akalazwa korokoroni mpaka Jumatatu. Bunduki ilizuiwa kituoni, na baba yake akaitwa aeleze jinsi silaha yenye leseni yake ilivyotoka shambani bila yeye. Huko Timau ngano ilikuwa inakaribia kuiva, na nyati hawakungoja bunduki irudi.

Nyumba ilimnunia Ngendo. Hata Mathenge. Alikumbuka kupiga magoti, alikumbuka vicheko, hakukumbuka chochote cha kutisha, na habari ya risasi nyekundu aliipokea kama habari ya ajali iliyotokea nchi nyingine.

"Sawa, ilikuwa na risasi," Moffat alisema. "Lakini imelia? Haijalia. Ungeificha tu, tukilala na kuamka tungekushukuru. Wewe umempeleka mwenzako kwa polisi, Ngendo. Kwa polisi! Watu wa nyumba moja!"

Halafu akamweleza uamuzi wao. Mzee Mburugu, baba yake Thuranira, angekuja Jumamosi. Ngendo atapika uji mbele yake. Asipopika, achukue sanduku lake.

Kila mmoja katika nyumba ile alijua maana ya uji. Aliyekosea wenzake alipika uji wa wimbi, akaugawa kwa mkono wake, na kila alipompa mtu kikombe alimwambia, nisamehe. Kikombe cha mwisho kikishanywewa, kosa lilikuwa limekwisha, na aliyelitaja tena alipika yeye. Moffat alikuwa amepika mara nyingi kuliko wote. Ngendo naye aliwahi kupika, na aliupenda uji ule, kwa sababu baada yake nyumba ilirudi kuwa nyumba.

Na nyumba alikuwa anaihitaji. Ulibaki muhula wa mazoezi ya kufundisha, katika shule za mjini. Kieni ni mbali. Hakuna anayeweza kutoka huko asubuhi na kufika darasani kengele ikilia. Bila kitanda Ruring'u, hakuna mazoezi. Bila mazoezi, hakuna diploma. Gaceri alimweleza hayo yote gizani, kitandani, kana kwamba Ngendo hakuyajua.

"Ni neno moja, dada. Neno moja tu. Hata kama hulimaanishi."

"Ndiyo shida yake," Ngendo alisema.

Jumamosi Mzee Mburugu alifika, mtu mnene mwenye koti la mvua na viatu vya mpira vyenye matope ya Timau. Alikaa kwenye kiti pekee kizima cha chumba cha wote, kofia juu ya goti. Hakupokea chai.

"Nani aliichukua bunduki yangu?" aliuliza.

"Ni mimi, baba," Ngendo alisema.

"Nyati wamelala katika ngano yangu juzi. Wamelala! Kama wako kitandani. Mimi nimesimama hapo nikipiga debe kama mtoto anayefukuza ndege." Alimtazama kwa muda. "Na mtoto wangu amelala ndani na wezi. Kwa nini hukuja kwa mkubwa yeyote, ukaenda kwa serikali?"

"Wakubwa hawakuwako, baba. Tulikuwa sisi na buyu."

Moffat alikohoa. Mzee hakucheka.

"Wanasema ilikuwa na risasi."

"Moja. Mtutu wa kushoto."

 Kidole cha Mzee Mburugu kilianza kuzunguka ukingo wa kofia. Alimtazama mwanawe, kisha akatazama ukuta.

"Wa kulia ndio nilioufyatua siku ile, kabla ya kumpa huyu," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. "Nyati akakimbia. Nikarudi nyumbani kula." Halafu akauliza, "Ilikuwa imeelekezwa kwa nani?"

Mathenge aliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee alimtazama sana, kuanzia kichwani. Mathenge aliteremsha mkono, akajishika sikio. Habari ya risasi ilimfikia siku hiyo, wiki nzima baadaye. 

"Haya," mzee alisema, sauti imeshuka. "Sote tuna makosa. Lakini watu hawaishi hivi, na hasira ndani ya nyumba. Nimeambiwa mna uji wenu. Leta uji, binti yangu, useme hilo neno, tumalize, nirudi kwa nyati wangu."

Ngendo alikwenda jikoni. Uji ulikuwa tayari. Alikuwa ameupika tangu asubuhi, mzito, na maziwa na sukari, uji wa sherehe. Alirudi na vikombe kwenye sinia.

Alianza na Gaceri. "Asante," alimwambia, "kwa nusu ya kitanda."

Gaceri alipokea, macho yamemtoka. Hilo halikuwa neno la uji.

Akaenda kwa Moffat. "Asante kwa siku ile ya mkuu wa chuo. Mimi sijasahau. Na asante kwa kunipa bunduki nilipoiomba. Ungekataa, sijui."

Moffat alikitia kikombe mdomoni kabla uji haujapoa.

Akampa Thuranira. "Asante kwa mgongo wako. Ni wewe uliyenifikisha hospitali, na kama si wewe nisingekuwako kukukasirisha."

Thuranira alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilikuwa sijaifungua kuangalia," alisema chini chini. "Nilisema tu."

Akafika kwa Mathenge. "Asante kwa hesabu," alisema, akamwekea kikombe mkononi na kumgusa kidogo sikio, kama dada anayemwondolea kaka yake jani. Mathenge alitazama pembeni na kupepesa macho.

Kikombe cha mwisho alimpelekea Mzee Mburugu, akapinda goti kwa heshima.

"Asante, baba, kwa kuja. Na asante kwa kumzaa huyu."

Mzee hakunywa bado. "Uji ni mzuri," alisema. "Maneno ni mazuri. Lakini neno lenyewe sijalisikia. Sikasiriki, mama. Nataka tu nyumba ipoe. Sema, nisameheni."

"Sema, Ngendo," Gaceri alinong'ona.

Wote walimtazama. Sanduku lake lilikuwa limefungwa tayari, limesimama karibu na mlango, na alijua kwamba wote wameliona.

"Nawashukuru wote," Ngendo alisema. "Nitawashukuru mpaka nizeeke. Nikitoka hapa leo nitawashukuru njiani. Lakini niliichukua ile bunduki nikijua ninachofanya, nikaipeleka nilikotaka kuipeleka, na kesho mkiitoa tena na pombe nitaichukua tena. Siombi msamaha."